Msumari Ubavuni mwa Jani

Niseme mapema, kabla shemeji yangu hajanisemea: sakafu ya ukumbi ule niliimwaga mimi. Saruji yote na mburuto wote wa mbao ya kusawazishia ni mkono wangu. Kwa hiyo kosa lililotaka kumzamisha shemeji yangu huyo lilikuwa langu. Mtu akikuambia vinginevyo, mwambie aje anione mimi mwashi, nitamweleza taratibu au kwa sauti, vyovyote atakavyopenda.

Shemeji yangu ni dada mkubwa wa mke wangu, na kazi yake ni fundi rangi. Mafundi wenzetu wanamwita Mkono wa Pili, kwa sababu hajawahi kukubali kuuacha ukuta uliopakwa mara moja tu. Mwenye nyumba atasema, "Mbona hapo panatosha?" Naye atajibu, "Panakutosha wewe, mimi bado," kisha anapanda ngazi na kuupaka mkono wa pili, mwenye nyumba apende asipende. Kwa miaka ishirini na minne amepaka ofisi, madarasa, korido na vyumba vya kulala vya watu asiowajua. Na karibu kuta zote amezipaka krimu. Krimu ni rangi ya mtu aliyeshindwa kuamua, lakini ndiyo wanayoitaka, na aliwapa.

Kuna sheria katika kazi ya rangi, naye aliishika kama amri. Fundi mzuri haachi alama. Akiondoka, sakafuni hakuna tone, ukutani hakuna unywele wa brashi wala tundu la msumari. Sifa kubwa ya fundi ni watu wasijue kwamba alipita hapo. Mimi mwashi nikijenga ukuta, ukuta unabaki unanisema. Yeye kazi yake ni kufuta nyayo zake mwenyewe. Nilimwambia siku moja kwamba kazi ya namna hiyo ingenitia wazimu, akacheka, akasema, "Wewe shemeji wazimu ulikuja nao."

Lakini kuna jambo lilikuwa limemkaa rohoni, na alinieleza mara moja tu, tukiwa tumekaa juu ya ndoo tunakula mchana. Alipokuwa na miaka ishirini na minane alipelekwa kukwangua ukuta wa nyumba kuukuu. Akakwangua krimu, chini yake buluu iliyopauka, chini yake krimu nyingine, chini yake chokaa. Chini ya chokaa akakuta majani. Ulikuwa mkanda wa majani, upana wa shubiri mbili, umezunguka chumba kizima, na kila jani limekaa ndani ya pembetatu yake, kijani juu ya rangi ya udongo. Majani yalikuwa yamenyooka kama yamepigwa rula, lakini yalikuwa hai. Akasogea karibu. Kwenye ubavu wa kila jani, upande huu na upande huu, akaona kitundu kidogo cha msumari, kimezibwa kwa puti.

Akamwita mwenye nyumba aje aone. Mwenye nyumba akaja, akatazama, akasema, "Funika. Krimu."

"Nikafunika," aliniambia. "Mikono miwili. Nilimzika mtu akiwa hai, shemeji, wala jina lake silijui."

 

Tangu siku alipoyafunika majani yale akaanza kuchora yake. Vitundu vile vya msumari vilikuwa vimemfundisha siri. Piga msumari ukutani, funga uzi, mwisho wa uzi funga chaki, zungusha: umepata duara. Chomoa msumari, upige tena juu ya mstari wa duara lako, zungusha kwa uzi uleule. Duara la pili litapishana na la kwanza, na pale katikati yanapopishana pamezaliwa jani. Ni msumari na uzi tu. Nimejenga miaka yote hii nikichora maduara ya visima na matangi, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba nilikuwa nachora majani.

Chumba chake kikawa daftari. Alikuwa anarudi na mabaki ya rangi kwenye makopo, kijani cha geti la mtu, wekundu wa bati la mtu, manjano ya duka la mtu, na anapaka ukuta wake. Jani la mpapai alilivunja likawa pembetatu saba. Mgomba akaufanya mistari minene inayolala sambamba. Ukikaa mlangoni unaona bustani, ukisogea huoni bustani tena, unaona pembetatu na nusu duara tu, zimepangwa. Akiridhika, anapiga picha moja kwa simu, anafunika, anaanza upya. Mke wangu alisema, "Dada yangu anakaa kwenye chumba kinachopungua. Rangi ile ikizidi kunenepa ataamka hawezi kugeuka."

Basi kikaja kituo cha afya. Kilikuwa kinakarabatiwa, na mimi nilikuwa nimemaliza sakafu mpya ya ukumbi wa kusubiri. Ukumbi ule una ukuta mmoja mrefu, mita kumi na mbili kamili, hauna dirisha wala mlango. Mbele yake wanakaa wagonjwa kutwa nzima, wala krimu ile hakuna anayeitazama. Shemeji yangu mwenyewe aliwahi kuupaka mara tatu kwa miaka tofauti. Safari hii zilipofika ndoo mbili za krimu, akazitazama, akaweka rola chini, akaenda moja kwa moja kwa mhandisi.

Mhandisi yule mimi nilimpachika jina la Bwana Krimu, ingawa si mtu mbaya. Ni mtu wa vipimo. Ukimwambia habari za jua atakuuliza nyuzi ngapi. Shemeji akamwonyesha picha za kwenye simu, moja baada ya moja. Mhandisi akazitazama kwa muda mrefu mno.

"Fundi, michoro ya simu ni midogo," akasema. "Kwenye mita kumi na mbili, kosa la nywele linakuwa kosa la kamba."

"Nipe ukuta uone, mhandisi."

"Leo Ijumaa. Nasafiri, narudi Jumatatu asubuhi. Ukumbi utakuwa mtupu mpaka siku hiyo. Chora. Lakini nikirudi nikakuta kosa hata moja, utaupaka krimu wewe mwenyewe, mikono miwili, mimi nikiwa nimesimama hapa naangalia."

"Sawa," akasema shemeji. 

Nje akanishika mkono. Ana miaka hamsini na miwili, magoti yake yanalia akipanda ngazi, na siku hiyo niliona hofu usoni mwake kwa mara ya kwanza. "Shemeji, huu ndio mmoja," akasema. "Nikiupata huu, nimeupata. Nikiukosa, siombi tena. Nitapaka krimu mpaka nife."

Nikamwambia nitamsaidia. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mpango ulikuwa huu. Ukuta wote ugawanywe miraba ya sentimita ishirini na nne, kwa uzi wa chaki. Ndani ya miraba zikae pembetatu na nusu duara, na ndani yake mimea: mashina yanayosimama wima na majani yanayotoka mawilimawili, uso kwa uso, kama ya mpera, maana mpera uko pale nje kwenye kamba za kufulia na kila mgonjwa anaujua. Lakini katikati ya ukuta palikuwa na kabati la chuma la kadi za wagonjwa, refu karibu kufika darini, zito kama deni la ukoo, na ufunguo anao karani ambaye angefika Jumapili mchana. Bila kulifungua na kulitoa kadi, halisogei. Kwa hiyo tukaamua, yeye aanze mwisho wa kushoto, mimi nimpigie mistari kutoka mwisho wa kulia, tukutane kwenye kabati.

"Tupimie wapi?" akaniuliza. "Darini?"

Darini! Nikaona nimetukanwa. "Dari ile alipiga mtu mwingine, simjui," nikasema. "Pima kutoka sakafuni, mita moja. Sakafu niliimwaga mimi. Sakafu yangu haidanganyi."

Akanitazama, akanyanyua mabega. "Haya, bwana sakafu."

Akapima mita moja kushoto, mimi nikapima mita moja kulia. Kutoka hapo kila mmoja akaenda na pima maji yake, povu katikati, mstari umelala sawa. Tulifanya kazi Ijumaa alasiri mpaka giza likatutoa, na Jumamosi kutwa. Sijawahi kuona mtu anapaka vile.  Alikuwa anapiga msumari, anazungusha uzi, anachomoa, anaziba tundu kwa puti, anapiga msasa, anapaka. Wekundu ukakaa karibu na kijani, buluu ya usiku ikaingia chini yao, na mpera wa pembetatu ukaota kutoka sakafuni hadi darini. Nikajikuta nimesimama na brashi inadondosha. "Shemeji," akasema bila kugeuka, "sakafu yako isiyodanganya unaichafua."

Jumapili saa sita karani akaja, kabati likafunguliwa, likasukumwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, upana wa mita moja na nusu. Shemeji akashika uzi wa chaki kwenye mstari wake, mimi nikavuta upande wa pili kwenda kwenye mstari wangu, ili tuunganishe.

Mstari wangu ulikuwa chini. Nikadhani nimeshika mwingine. Nikahesabu tena. Nikapima. Mstari wangu ulikuwa chini ya wake kwa sentimita kumi na moja na nusu, na kila mstari vivyo hivyo, kutoka chini mpaka juu. Pande mbili za ukuta, siku mbili za kazi, zilikuwa hazikutani.

 Nikashika pima maji: mistari yake sawa, mistari yangu sawa. Nikatazama dari, nikatazama ukuta, mwisho nikatazama chini, nikaona mfereji wa kutolea maji kwenye pembe ya kulia. Nikakumbuka. Ukumbi wa hospitali huoshwa kwa maji, na maji lazima yaende mahali. Sentimita moja kwa kila mita. Sakafu ile ina mteremko, na mteremko niliuweka mimi, kwa mikono hii, tena nikajisifu siku ile kwamba ni laini kiasi kwamba jicho halioni. Halioni kweli. Hata jicho langu halikuona.

Nikajitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikapiga teke ndoo. Karani akakumbuka ana shughuli, akaondoka. Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo ya krimu, ile ndoo yenyewe, mikono magotini, anatazama pengo.

"Niseme nini?" nikamwambia. "Nimekuua. Nitamwambia mhandisi ni mimi."

"Ukishamwambia, mistari itakutana?"



 Mimi nilikuwa tayari nimeshafikiria kufuta upande wangu wote na kuanza upya, lakini tulikuwa tumebakiwa na saa sita za mwanga na ukuta wa mita tano, na hata mjinga anajua hesabu hiyo. Kisha akasema, "Shemeji, nenda nje ukaniletee tawi la mpera."

Nikaenda mbio. Nikaleta. Akaligeuza mkononi: majani mawilimawili, uso kwa uso, kila jodi mahali pamoja. Akatikisa kichwa, akaniachia. Akanyanyuka mwenyewe, magoti na yote, akatoka. Nikamwona dirishani anazunguka nyuma ya jiko, getini, kwenye mti huu, kwenye mti ule, anashika matawi kama mtu anayemtafuta mtoto wake kati ya watoto wa shule. Akarudi na tawi la mstafeli.

"Tazama," akasema.

Nikatazama. Jani moja kushoto. Juu yake kidogo, jani moja kulia. Juu yake tena, kushoto. Hakuna majani mawili yaliyoanzia mahali pamoja. Yanapanda kama mtu anavyopanda ngazi, mguu huu kisha mguu huu.

"Tofauti yetu ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Na mraba wetu?"

"Ishirini na nne." Nikalitazama tawi tena. "Nusu yake kumi na mbili."

"Hiyo nusu sentimita nitaila kwa brashi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akatabasamu. "Shika timazi, bwana sakafu. Nataka shina moja limesimama wima, kutoka chini mpaka juu, hapo katikati. Na safari hii usipime kitu chochote."

Nikashika kamba ya timazi mpaka bega likafa ganzi. Akachora shina nene la buluu ya usiku. Upande wa kushoto, kila mstari wake ukazaa jani likaingia kwenye shina. Upande wa kulia, kila mstari wangu ukazaa jani nalo likaingia, nusu ya mraba chini. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Pengo likaanza kufumba. Mistari iliyokuwa imegombana sasa ilikuwa inapokezana. Mpera huku na mpera kule, na katikati mstafeli unaopanda. Na wallahi, ule upande uliokuwa umeharibika ndio uliokuwa unatembea, huko kwingine kote mimea ilikuwa imesimama tu.

Juu kabisa, karibu na dari, akaweka jani moja peke yake, refu kama mkono wangu mzima. Akapiga msumari, akazungusha, akahamisha, akazungusha. Alipomaliza kulipaka, mwanga ulikuwa unatoka dirishani. Tukakusanya turubai, tukapangusa sakafu, tukarudi nyumbani bila kuongea. Mke wangu alitupakulia chakula, akatutazama, akasema, "Mmefiwa au mmeoa?" 

Jumatatu mhandisi aliingia saa mbili kasoro, na pima maji ya mita mbili begani. Hakutusalimia vizuri. Akaenda kushoto, akaweka pima kwenye mstari. Povu katikati. Akaweka wa pili, wa tatu. Akaenda kulia. Povu katikati. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wameanza kuingia na kadi zao. Akafika katikati. Akasimama. Akaweka kidole kwenye mstari wa kushoto, akakiburuta mpaka shinani, akakitoa upande wa pili, kikaangukia mahali pasipo na mstari.

"Hapa haikutani," akasema.

Nikafungua kinywa nikiri. Shemeji akanikanyaga kidole cha mguu, na alikuwa amevaa buti. Akamwendea mhandisi, akampa tawi la mstafeli lililolala kwenye ndoo ya maji usiku mzima. 

Mhandisi akalishika. Akatazama tawi, akatazama ukuta. Akahesabu kwa midomo, jani huku, jani kule. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa vipimo, akaanza kutazama chini. Macho yake yakaifuata sakafu taratibu mpaka kwenye mfereji wa pembeni, yakarudi, yakatua kwangu.

"Fundi, mlipima kutoka sakafuni."

"Ndiyo," nikasema. "Kosa ni langu. Yeye alitaka darini."

 Shemeji alikuwa ametazama ndoo mbili za krimu pale pembeni, na vidole vyake vilikuwa vimekunja kona ya aproni. Miaka ishirini na minne ilikuwa imesimama hapo kwenye aproni ile.

"Nilisema kosa hata moja," mhandisi akasema. "Nimekuja kulitafuta, na nimelipata. Lakini limeota majani." Akamrudishia tawi kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mzima kitu. "Krimu irudi stoo. Ukuta huu hauguswi."

Mimi nilipiga kelele. Nakiri. Mgonjwa mmoja alishtuka akadondosha kadi. Shemeji hakupiga kelele, alikaa kwenye benchi, akalia machozi mazima bila kuyafuta, na huku analia anacheka. Tulipogeuka tukaona kitu. Tangu zamani watu wa ukumbi ule walikuwa wanakaa wameuelekea mlango, kumtazama muuguzi anayeita. Asubuhi ile mama mmoja mjamzito akawa ameligeuza benchi lake, na mzee mmoja akamfuata, na mwingine. Wakawa wanautazama ukuta. Mzee alikuwa anahesabu majani kwa fimbo.

"Kuna ukuta wa wodi ya watoto," mhandisi akasema, akijifanya anakagua taa. "Mita tisa."

"Nitaupima mwenyewe," akasema shemeji, akijipangusa pua. "Huyu atashika ngazi."

Mhandisi alikuwa anaondoka alipoinua uso, akaona kitu juu kwenye jani la mwisho. Ubavuni mwa jani, palepale duara la pili lilipoanzia, msumari ulikuwa bado umekaa, kichwa chake kinang'aa. Hakukuwa na puti wala msasa.

"Fundi, umesahau msumari."

Nami nilikuwa nimeuona. Nilidhani ni uchovu. Mwanamke yule hajawahi kusahau msumari tangu nimjue.

"Sijasahau," akasema. "Siku moja watakuja kuukwangua ukuta huu. Atakayekwangua ataukuta. Atajua palikuwa na mtu."

Mhandisi akatazama msumari, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mwezi uliopita nilipita pale kumpeleka mke wangu, nikakuta mtu wa ofisi ametumia ngazi kupanda kutundika kalenda kwenye msumari ule. Niliitoa mwenyewe. Nikaiweka mezani kwake, nikamwambia atafute msumari mwingine, ule una mwenyewe.